Malkia wa Kopa Niliyemtupa Mbele ya Mama Mkwe

Nimekosa, na sitaki mtu anisaidie kulibeba kosa lenyewe. Pombe sikuonja siku hiyo, shetani simsingizii, na wala sikurogwa, ingawa shangazi yangu wa Kakamega hadi leo anashikilia kwamba nilirogwa. Nilikuwa na akili zangu timamu. Hizo akili ndizo zilizoniponza.

Jina langu silitaji, na ya wengine nimeyabadilisha. Voi ni mji mdogo, na sisi tunaocheza briji tunaweza kuenea kwenye benchi moja la kanisa na nafasi ya mchungaji ikabaki. Najua kuna watu hapo Mwatate na Maungu ambao wakisoma mistari miwili tu watasema, "Ni yule." Basi ni mimi yule.

Kwa wasiojua, briji ni karata za watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na mwenzako huketi mbele yako, uso kwa uso. Shika hapo pa uso kwa uso, maana ndipo masaibu yangu yalipoanzia.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, nikazaliwa hapa, nikakulia kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na Kiluhya changu ni cha kusalimia tu. Lakini mila baba alinilisha pamoja na ugali. Kwetu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono. Huli mbele yake. Ukikutana naye njiani unampisha, unaangalia vichakani kama mtu aliyepoteza mbuzi. Kuketi naye meza moja mkitazamana machoni, hilo hata halikuwekewa katazo, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba mtu angelifanya.

Mungu naye ana mzaha wake. Nilioa Mtaita, Wakesho, na mama yake ni mwalimu mstaafu wa Mwatate ambaye mila zetu anazisikia kama hadithi za sungura. Siku ya kwanza nilipopelekwa kwao nilikaa nimegeukia ukuta kwa heshima zote. Akanitazama wee, mwishowe akauliza, "Mwanangu, kwani shingo inauma?"

Nyumba nzima ilicheka. Nilimpenda Mama tangu siku hiyo, ingawa kwa kuangalia ukuta.

Sasa, Mama na marehemu mzee wake walicheza karata pamoja kwa zaidi ya miaka thelathini. Mzee alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na mameneja wa enzi hizo walimfundisha briji kwa sababu kila mara walikosa mtu wa nne. Akaja akamfundisha mkewe. Makarani wengine nao wakafundisha watu wao. Mameneja wakaondoka, karata zikabaki.

Kila mwaka hicho kikundi chetu kidogo hushindania birika. Ndiyo, birika la chai, la bati, limebonyea ubavuni, na mfuniko wake umefungwa kwa waya. Mshindi hukaa nalo mwaka mzima, na sharti alitumie. Mzee alilichukua mara nyingi mpaka wajukuu wakadhani lilinunuliwa. Kila Jumapili alimimina chai kwa mkono wake, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kushika mpini.

Mzee alipofariki, Mama alizifunga karata kwenye leso akaziweka kabatini. Birika likaenda Maungu, kwa Bi Zuhura na kaka yake Bwana Athmani, ambao baba yao naye alikuwa karani wa mkonge. Mama hakulitaja tena.

Kisha Jumapili moja akaniita mezani. Alikuwa ameifungua ile leso.

"Najua ulikuwa unakaa nyuma ya mzee, uso umeinamia karata zake," akasema.

"Nilikuwa, Mama." Niliuambia ukuta.

"Basi kaa hapa." Akanionyesha kiti cha mzee. Mbele yake.

Nilitoka nje nikampigia shangazi simu Kakamega. Nikamwambia nimeitwa kuketi mbele ya Mama. "Kuketi mbele ya nani?" akauliza. Nikamweleza. Halafu akasema kama lazima iwe hivyo, nimpe mama mkwe blanketi kwanza, blanketi la heshima. Akilipokea, mlango umefunguka, naweza kumtazama.

Nikatafuta blanketi zito la maua mekundu, kwa joto hili la Voi! Muuzaji aliniuliza kama nina malaria. Mama alilipokea kwa mikono miwili, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa blanketi lenyewe. "Kwa hivyo sasa naruhusiwa kukuona?" Nikasema sasa tunaruhusiwa. Nikaketi, nikainua macho, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tatu ya ndoa nikajua macho ya mama mkwe wangu yana rangi gani. Yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Mama alinifundisha vizuri. Kanuni yake ilikuwa moja: hesabu kwanza, cheza baadaye. Nikijaribu mbwembwe, alikuwa akiniambia, "Karata si sarakasi." Tulianza kushinda vijimechi vya hapa na pale. Watu wakaanza kusema, yule mkwe si mbaya. Laiti wangenyamaza.

Hapo ndipo nilipopata kitabu kimoja. Kikuukuu, hakina jalada, kinaeleza mbinu za mabingwa. Ndani yake nikakuta mbinu moja ya kumbana adui. Unacheza turufu yako ya mwisho, na adui, ambaye karata zote alizobaki nazo anazihitaji, analazimika kutupa moja. Akitupa hii, unamla hapa. Akitupa ile, unamla kule. Hana pa kukimbilia. Nilisoma ukurasa huo nikahisi kama nimepewa siri ya serikali.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu wa kubana. Nilimweleza kinyozi. Nilimweleza fundi wa pikipiki. Nilimweleza Wakesho akikaanga mboga, naye hakuwa anajua hata kuchanganya karata.

"Na huyo ukishambana, anatupa karata anayoihitaji?" akauliza.

"Ndiyo hapo sasa!"

"Na kama haihitaji?"

Nikamwambia haya ni mambo ya ndani, asijichoshe. Akageuza mboga zake.

Mwaka jana mechi ya birika iliangukia Jumapili, na ukumbusho wa mzee ulipangwa Jumamosi iliyofuata, nyumbani Mwatate. Wiki moja kabla, Mama aliniambia jambo ambalo nalibeba mpaka leo.

"Macho haya nitapasuliwa mwezi ujao, na sijui yatarudi vipi. Huenda hii ikawa mechi yangu ya mwisho. Sina haja ya sifa. Ninachotaka ni watu wakija kumkumbuka mzee, wanywe chai kutoka birika lake. Basi."

Nikamwambia, "Mama, hilo birika hesabu liko jikoni." Mdomo wangu ndio uliosema hivyo.

Tulicheza kwenye baraza ya mwanachama mmoja pale Voi, baada ya ibada, jua kali, malori yakinguruma barabarani. Fainali ilikuwa sisi dhidi ya Bi Zuhura na Bwana Athmani. Bi Zuhura aliketi kushoto kwangu, kaka yake kulia. Tukafika raundi ya mwisho tukiwa sawa kabisa. Raundi hiyo ndiyo iliyokuwa na birika.

Karata zikagawiwa. Kwanza huwa kuna mnada, ambapo kila mtu anataja nguvu aliyo nayo. Bi Zuhura ndiye aliyeufungua, ishara kwamba ameshika wakubwa. Hata hivyo tukampita, na mimi nikawa mchezaji: shupaza ndiyo turufu, na kati ya mizunguko kumi na mitatu ilibidi tule kumi.

Mwenzake mchezaji huitwa bubu. Analaza karata zake zote mezani, wazi, halafu hasemi neno mpaka mwisho. Mimi ndiye ninayetaja karata ya kucheza pale mezani, yeye anaisogeza tu. Mama akalaza karata zake, akainama karibu nazo kuhakikisha zimepangika, akaweka mikono mapajani. Kuanzia hapo Mama alikuwa bubu, na birika la mzee lilikuwa mikononi mwangu peke yangu.

Nilicheza vizuri. Naapa nilicheza vizuri, mpaka zikabaki karata nne nne. Tulikuwa tumekula mara sita, wao mara tatu. Zote nne zilizobaki ilibidi ziwe zetu.

Mezani kwa Mama kulikuwa na ree ya kopa, ile karata kubwa kuliko zote, pamoja na malkia wa kopa. Kando yake ree ya uru na jeki wa uru. Mkononi mwangu nilikuwa na turufu ya mwisho, kopa mbili ndogo na uru moja ndogo.

Sasa nikwambie kile ambacho mtoto wa darasa la nne angefanya. Angehesabu: turufu moja, ree mbili, hizo tatu ni zangu. Ya nne ni malkia wa kopa, na anayemtisha ni mfalme tu. Angecheza kopa ndogo kuelekea mezani. Bi Zuhura anacheza kabla ya meza, kwa hivyo kama mfalme yuko kwake, amekwisha: akimtoa, ree inamla, akimficha, malkia anapita. Na Bi Zuhura ndiye aliyefungua mnada! Mfalme angekuwa wapi kwingine, dukani Maungu?

Nilikijua hicho. Kilikuwa pale, rahisi, hakina utukufu wowote.

Nikamtazama Bwana Athmani kulia kwangu. Alikuwa ameshika karata zake karibu na kifua, anatokwa jasho. Nikajiambia, huyu ndiye aliyeshika mfalme wa kopa na wakubwa wa uru pia. Huyu anasubiri kubanwa. Ushahidi sikuwa nao. Nilikuwa na ukurasa wa kitabu.

Nikacheza turufu ya mwisho. Niliiweka taratibu, kama mtu anayeweka jiwe la msingi.

Bi Zuhura akatupa pau ndogo isiyo na kazi. Ikafika zamu ya meza.

Msomaji, hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Meza inacheza kabla ya mtu wa kulia. Mezani kulikuwa na karata nne, na katika ule mpango wangu zote nne nilizihitaji. Ilibidi nitupe moja kabla Athmani hajatupa chochote. Yeye angekaa, atazame nimetupa nini, atupe isiyomwuma. Aliyebanwa hakuwa adui. Aliyebanwa alikuwa mama mkwe wangu.

Kitabu kilikuwa kimelieleza hilo kwenye ukurasa uliofuata. Sikuwa nimeufungua. Ule wa kwanza ulikuwa umenitosha.

Na hata hapo mlango wa kutokea ulikuwepo. Ningesema tu, "Jeki wa uru," nikamtupa, halafu nikacheza kopa kuelekea kwa malkia kama mtoto wa darasa la nne. Birika lingerudi Mwatate. Lakini kumtupa jeki kungekuwa kukiri kwamba kubana kwenyewe hakukuwepo, kwamba nilipoteza muda wa watu kwa maringo. Na nilikuwa nimeshamwambia kinyozi.

Nikasema, "Malkia wa kopa."

Mama hakusogea. Sheria haimruhusu kusema, na Mama ni mwalimu, sheria haivunji. Aliinua tu uso akanitazama. Pamoja na ukungu wote uliokuwa machoni mwake, aliniona hadi ndani. Ndipo nilipoelewa kwa nini wazee wetu walikataza kutazamana.

Akamchukua malkia kwa vidole viwili akamlaza kati. Bwana Athmani akatupa pau bila hata kufikiri.

Nikala ree ya kopa. Nikala ree ya uru. Nikabaki na jeki, na Bwana Athmani akamla kwa malkia wa uru. Tulikula tisa. Halafu Bi Zuhura akageuza karata yake ya mwisho, kushoto kwangu, karibu kabisa na kiwiko changu. Mfalme wa kopa.

"Mwanangu, huyu mfalme wangu nilishampa buriani," akasema kwa upole. "Kumbe wewe wala hukuwa na haja naye."

Bwana Athmani, mtu muungwana, akaniuliza, "Ile turufu ya mwisho, bwana, ulikuwa wataka nini hasa?"

"Nilikuwa nakubana."

Akafikiri kidogo. "Ah," akasema. "Sikuhisi."

Mama akasimama, akawapa mikono, akawapongeza. Akamwuliza Bi Zuhura habari za wajukuu. Kisha tukapanda gari kwenda Mwatate, na mimi, badala ya kufunga mdomo, nikaanza kueleza. Nilieleza kwamba kinadharia mpango ulikuwa sahihi. Kwamba kama wale wawili wangebadilishana viti ungefaulu. Tulipofika karibu na nyumbani Mama akasema, "Mwanangu, pale mezani nilikuwa bubu kwa sheria. Hapa nimenyamaza kwa hiari." Nikanyamaza na mimi, nikiwa nimechelewa saa nzima.

Jumamosi watu walikuja kwa wingi. Chai ilimiminwa kutoka chupa za plastiki za kukodi. Bi Zuhura na kaka yake nao walifika kutoka Maungu, na Bi Zuhura alikuwa na kitu amekifunga kwa kanga. Alikifungua mbele ya Mama. Birika.

"Dada, leo ni siku ya mzee," akasema. "Litumieni, nitalichukua jioni."

Mama akaligusa pale palipobonyea. Akalipapasa kwa kidole. Kisha akalifunga tena kwa ile kanga, fundo kwa fundo.

"Ahsante, dada yangu. Umenitendea utu. Lakini mzee hakuwahi kumimina chai kutoka birika la kuazima."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka hapo, nimebeba sinia la mandazi. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, mtu mzima na sinia lake, na mandazi nikayalowesha.

Nilidhani hilo ndilo lingekuwa mwisho wa adhabu. Mama hakunitukana, hakunisema kwa watu. Akapasuliwa macho, yakapona vizuri kabisa. Na wiki chache baadaye Wakesho alirudi kutoka kwao amebeba furushi. Lilikuwa lile blanketi la maua mekundu, limefuliwa, limekunjwa vizuri.

"Mama amesema nikupe."

"Kwa nini?"

"Amesema amezifikiria mila za kwenu, ameona zina hekima."

Nilimpigia shangazi. "Amelirudisha kwa mkono wake au ametuma mtu?" akauliza. Nikasema ametuma. "Basi mlango umefungwa," akasema, na kwa sauti yake nikajua ameridhika kidogo.

Siku hizi mama mkwe wangu ni Mluhya kuliko shangazi. Nikiingia, anageuzia kiti chake dirishani. Ananisalimia akiangalia kalenda. Chai yangu huletwa nje, maana mkwe hali mbele ya mama mkwe, na hata akinisifu kwa kuleta kuni, anaisifu miti.

Chai yenyewe inatoka kwenye birika. Walilirudisha mwaka huu, Mama na Wakesho. Mke wangu, yule aliyekuwa hajui hata kuchanganya karata, ndiye anayeketi kwenye kiti cha mzee. Niliwatazama fainali nzima kupitia dirishani. Wakesho alihesabu kwa vidole bila haya, akala zilizokuwa zake, akamwachia adui zilizokuwa zake. Hakumbana mtu yeyote. Alipopata malkia na ree mezani, alicheza karata ndogo kuelekea kwao kama mtu anayetuma mtoto dukani, na malkia akapita.

Kwa hivyo wewe unayesoma haya, uwe unacheza karata au hata hujui rangi zake, sikia. Njia fupi ikiwepo, pita njia fupi, hata kama hakuna atakayekupigia makofi. Kabla hujapanga kumbana mtu, tazama kwanza ni nani anayecheza kabla yake, maana huenda ni mtu wako. Na ukigundua umekosea, ukabakiwa na mlango mmoja wa kutokea, tafadhali mtupe jeki. Kinyozi atasahau.

Nimeshanunua blanketi la pili, zito kuliko la kwanza. Liko kabatini. Shangazi anasema la pili halipelekwi mpaka liitishwe. Basi kila Jumapili naenda Mwatate, napita mlangoni, nageuza uso ukutani kama mila inavyotaka, nakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Nangoja aniulize kama shingo inauma. Bado hajaniuliza.